Saa Zisizoandikwa: shajara ya mradi wa wahamasishaji wa afya, Kisumu

Januari, kuelekea mwisho

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kimetoka, kamati ya maadili imepitisha fomu zetu, na barua ya kwenda mashinani iko mkobani. Shajara hii naiandika kwa Kiswahili ili wanaohusika waisome wao kwanza. Wengi wamewahi kuhojiwa na watafiti, wakaulizwa mpaka idadi ya sufuria zao, kisha wasisikie tena habari ya yale majibu.

Tunachotafuta ni hiki: mhamasishaji wa afya ya jamii, au CHP (community health promoter) kama anavyojulikana Kenya nzima, hufanya kazi saa ngapi kwa wiki, na saa hizo huzitoa wapi katika maisha yake. Kila mwezi anajaza kumbukumbu za kazi katika fomu ya MOH 514, na msimamizi wake anazijumlisha katika MOH 515. Humo utapata kaya zilizotembelewa, wajawazito walioelekezwa kliniki, watoto waliopimwa malaria, vyoo, maji ya kunawa mikono. Saa hazina safu. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi na rekodi zote zikatunzwa vizuri kabatini, na bado pasiwe na karatasi hata moja inayosema alitumia muda gani.

Tarehe 25 Septemba 2023, pale Uhuru Park, Rais alizindua rasmi jeshi la wahamasishaji zaidi ya 100,000 wa nchi nzima. Walipewa mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto, pamoja na simu ya kuingizia data. Posho ilipangwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa, nusu kutoka kaunti. Kila mmoja anahesabiwa kuhudumia kaya 100 hivi. Wengi wao ni wanawake.

Mimi naunga mkono mpango huu, na niseme hivyo mapema ili nisieleweke vibaya. Nimeona mtoto aliyenusurika malaria kali kwa sababu jirani alikuwa na kipimo na dawa nyumbani. Ndiyo maana nataka kujua anayeubeba mpango huu mabegani anaubeba kwa gharama gani.

Februari

Nyalenda, upande wa chini karibu na kijito cha Auji. Mama niliyeandamana naye leo hukaanga mandazi mbele ya nyumba kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Saa moja kasoro hivi kijana wa jirani alikuja mbio na mdogo wake mgongoni, amechemka mwili mzima. "Mama daktari, hakulala." Mama akaondoa karai jikoni, akanawa mikono mara mbili kwa sababu ya mafuta, akavaa glavu na kutoa kipimo.

Nieleze hatua kwa hatua, maana hapa ndipo penye kiini cha utafiti wote. Alimtoboa mtoto kidole, tone la damu likaingia kwenye kipimo, dawa ya kipimo ikafuata. Akangoja dakika kumi na tano huku akitazama saa ya simu. Mistari miwili: ni malaria. Akampima uzito ili ajue kiasi cha dawa. Akauliza kama ametapika, kama amepata degedege, kama ananyonya na kula. Dalili moja ya hatari ingetosha kumpeleka zahanati papo hapo badala ya kumtibu nyumbani. Hakuwa nazo. Dozi ya kwanza ilisagwa kijikoni na maji, mtoto akainywa mbele yake. Kisha wakakaa tena nusu saa nzima, kwa kuwa akitapika ndani ya muda huo dozi hurudiwa. Akamweleza kijana ratiba ya siku tatu, asubuhi na jioni, na umuhimu wa kumaliza hata kama mtoto atachangamka kesho. Akamfanya airudie yote kwa mdomo wake. Akaahidi kupita jioni.

Moto ulikuwa umezimika. Wateja wa mandazi, watoto wa shule na vijana wa boda, walishanunua kwingine. Unga uliobaki ulikuwa umeumuka kupita kiasi.

Katika fomu, kazi hiyo yote ni alama moja: mtoto chini ya miaka mitano, homa, amepimwa, ametibiwa. Alama hiyo ni ya kweli, na inahitajika. Kisumu ni ukanda wa ziwa ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Ila imebeba zaidi ya saa moja ya mwanamke na faida yake ya asubuhi, na hakuna anayeisoma hivyo.

Wiki iliyofuata, Manyatta. Hapa kazi ni tofauti: presha na kisukari zaidi ya homa. Wazee wanapenda kupimwa, na wanapenda zaidi kuongea. Dani mmoja, yaani bibi kizee kwa Kijaluo, alimshika mhamasishaji mkono akasimulia habari za mwanawe aliye Mombasa muda wote ambao mashine ilikuwa inapanda na kushuka. Namba zilitoka juu. "Dani, dawa unameza?" Ikabainika anameza siku moja na kuruka mbili ili zifike mwisho wa mwezi. Hili halikutoka kwenye mashine, lilitoka kwenye mazungumzo. Nikimwambia mhamasishaji aharakishe ili afikishe kaya nyingi kwa siku, nitakuwa nimeharibu kile kilichofanya ziara hiyo iwe na maana.

Bado Februari, mezani

Nimetumia wiki hii kusoma sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua mwajiriwa kuwa mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, WIBA, ya mwaka huohuo, inafuata mkondo uleule na kudai mkataba wa huduma. Anayepokea posho kwa kujitolea anaachwa nje ya milango yote miwili. Likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu, fidia ya mishahara ya miezi 96 kwa ulemavu wa kudumu: yote hayo yapo kwenye vitabu, na hakuna hata moja linalomgusa.

Halafu kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 41 kinatoa haki kazini kwa kila mtu, na cha 43 kinataja afya na hifadhi ya jamii. Mhamasishaji ndiye mkono ambao serikali inautumia kutekeleza kifungu cha 43, ilhali cha 41 kinampita kando.

Nimeweka pia kipimo cha kulinganishia. Agizo la mishahara la 2022 lilimpangia kibarua wa kawaida katika jiji kama Kisumu Sh15,201.65 kwa mwezi, na tangu Novemba 2024 kiwango hicho kikaongezwa kwa asilimia 6, kikapita Sh16,000. Wiki ya kazi katika agizo la jumla ni saa 52. Kwa hiyo Sh5,000 ingekuwa haki kama kazi hii ingekula chini ya theluthi ya wiki hiyo. Je, ndivyo ilivyo? Hapo ndipo saa zinapohitajika. Bila saa tutabishana kwa hisia, na kwa hisia anayeshinda ni mwenye mfuko.

Machi

Tumegawa madaftari. Ni daftari la kawaida la mistari, kurasa 96, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila siku inagawanywa kwa nusu saa kuanzia alfajiri hadi usiku, na mhamasishaji anaandika alichokuwa akifanya: kazi ya afya, biashara, shamba, kupika, kutunza watoto, kulala. Lugha yoyote. Wengi wanaandika Kiswahili chenye Kijaluo ndani yake, wachache Kijaluo kitupu, na msaidizi wangu anazisoma zote bila shida. Wasiopenda kuandika wanatusimulia kwa simu jioni.

Kulikuwa na pendekezo la kutumia data ya simu za kazi badala ya madaftari. Programu ya eCHIS, ambayo wahamasishaji huingizia data, inaonyesha kila fomu ilijazwa lini. Kwa nini tuwasumbue watu? Nilikaa na msimamizi mmoja mbele ya kompyuta yake tukatazama pamoja, na nilichokiona kimeamua mambo mengi ya mradi huu.

Rekodi za mhamasishaji mmoja zilijipanga hivi: ziara ya kwanza saa tatu usiku na dakika mbili, ya pili dakika nne baadaye, ya tatu dakika tatu baada ya hiyo, na kuendelea, kaya baada ya kaya, mpaka karibu saa nne. Mchana mzima, hakuna kitu. Msimamizi akaguna. Kwake yeye picha ni wazi: mtu amekaa kwenye kochi anabuni ziara. Ameshawahi kumwita mmoja ofisini kwa jambo kama hilo.

Tukafungua daftari la mwanamke yuleyule, siku ileile. Saa mbili asubuhi yuko njiani kuelekea upande wa pili wa mtaa. Saa nne yuko kwa mama aliyejifungua, anamwonyesha namna ya kumshika mtoto ili anyonye vizuri. Saa sita anamsindikiza binti mjamzito zahanati, kwa kuwa binti alikataa kwenda peke yake. Saa tisa yupo kwenye baraza la chifu, akingoja zamu ya kusema dakika tano kuhusu kutibu maji. Kote huko alikuwa akiandika kwa kalamu kwenye kijitabu. Simu alikuwa ameiacha nyumbani ikichaji, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku uliotangulia, na siku nyingine huiacha kwa sababu kuna vichochoro ambako kutembea na simu mkononi ni kujitafutia kuporwa. Zaidi ya hayo, anasema, mtu anayekueleza kwamba mumewe ana kifua kikuu hataki kukuona umeinamia simu unabofya. Basi anawatazama usoni, anaandika kidogo, na usiku watoto wakishalala anaingiza yote.

Programu haikudanganya. Iliandika saa ya fomu, na fomu ilijazwa usiku. Kasoro ni kuichukua saa ya fomu kuwa ndiyo saa ya kazi. Ukifanya hivyo unakosea mara mbili: unaufuta mchana mzima alioufanyia kazi, na saa ya usiku ambayo nayo ni kazi unaigeuza ushahidi wa uvivu.

Nilimwomba msimamizi asome daftari lile mwenyewe, kwa ruhusa ya mwenye daftari. Akalisoma polepole. Ameomba tuje tueleze jambo hili katika kikao chao cha wasimamizi, na nimekubali bila kungoja ripoti ya mwisho. Kusubiri uchambuzi ukamilike huku watu wanaitwa ofisini ni jambo nisiloweza kulitetea.

Madaftari yanabaki. Data ya simu tutaitumia kando yake.

Aprili

Mvua. Ahero na tambarare za Kano hazipitiki sehemu nyingi, na Nyalenda maji ya Auji yamefika kwenye vizingiti. Kazi ya mashinani imepungua kwetu, si kwa wahamasishaji. Kwao imeongezeka: dawa ya kutibu maji, kuharisha, nani amehamia shule gani, mgonjwa gani wa ARV ameacha dawa nyumbani iliyojaa maji. Ukurasa wa wiki ya mafuriko katika baadhi ya madaftari hauna nusu saa iliyo wazi. Mmoja ameandika kwa herufi kubwa kutoka juu hadi chini: KAZI YA AFYA, na kwenye kona, kwa herufi ndogo, "nyumba yangu pia".

Mei

Nimepitia upya historia, kwa kuwa kila ninapotaja malipo ofisini najibiwa kwamba huduma hii tangu asili ni ya kujitolea. Asili yenyewe iko karibu nasi. Saradidi, Asembo, kaunti ya Siaya ya leo, mpango ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya Dan Kaseje ulichagua wasaidizi wa afya kutoka vijijini, wanakijiji wakiwachagua wenyewe, na kazi yao ya malaria ikajulikana duniani. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulikuwa umeshatangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kumfikia kila mtu. Mkakati wa Kenya wa afya ya jamii ukaja 2006. Kisumu ikawa mojawapo ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, majaribio yaliyozinduliwa hapahapa Desemba 2018.

Ni kweli kwamba kujitolea kulikuwa msingi. Lakini msaidizi wa kijiji wa zamani alifundisha majirani zake wachache, akagawa dawa chache, akaendelea na shamba lake. Wa leo ana simu ya serikali, malengo ya kila mwezi, fomu, msimamizi, chanjo za kufuatilia, presha, sukari, uandikishaji wa bima. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa eneo hili Septemba 2019 ni mfano mzuri: dozi tatu za mwanzo hukaribiana, ya nne huja muda mrefu baadaye, wakati mama ameshaacha mazoea ya kliniki. Anayekwenda kumkumbusha mlango kwa mlango ni mhamasishaji. Kazi imekua ikawa na umbo la ajira kila upande, isipokuwa upande wa malipo na haki.

Wengine wamelipitia hili. Ethiopia, tangu 2003, iliwafundisha wasichana mwaka mzima na kuwaweka kwenye mishahara ya serikali. Wahudumu wanawake wa Pakistani, ambao mpango wao ulianza 1994, walikwenda barabarani na mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, mwaka 2012, ikaagiza waingizwe katika utumishi. Brazil imefika mbali zaidi: badiliko la katiba la 2022 limewawekea wahudumu wa jamii malipo yasiyopungua mishahara miwili ya kima cha chini. India ina wanawake karibu milioni moja chini ya mpango wa ASHA ulioanza 2005. Shirika la Afya Duniani liliwatunukia tuzo mwaka 2022, na nyumbani kwao bado wanahesabiwa wa kujitolea, wanalipwa kwa kila jukumu. Shirika hilohilo, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa na mafunzo, na wapewe makubaliano ya maandishi.

Saa zimetajwa pale kwa jina. Mwongozo unaotaka malipo yafuate saa hauwezi kutekelezwa na nchi isiyozihesabu.

Juni

Mwezi wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Tangu 1 Oktoba 2024 mamlaka hii mpya ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, wahamasishaji wamekuwa wakiandikisha watu nyumba kwa nyumba. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, paa, choo, mifugo, kisha anapangiwa mchango wa asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, usiopungua Sh300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe wa mwaka mzima kwa pamoja. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa huduma ya msingi, hivyo ukijiandikisha tu unatibiwa. Kulazwa hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ambayo wenyeji bado huiita Russia, kunataka mchango uwe umelipwa.

Nilikuwa na mhamasishaji wa Obunga alipomweleza haya fundi wa viatu, kwa ufasaha ambao sijausikia kwenye redio. Fundi akauliza, "Na wewe mama, umelipa?" Akajibu kwa ukweli: ameandikishwa, hajalipa. Kiwango cha chini kabisa kwa mwaka ni Sh3,600, zaidi ya theluthi mbili ya posho ya mwezi, na posho ya mwezi uliopita ilifika nusu tu. Fundi akanyamaza, kisha akatoa kitambulisho chake akaandikishwa. Nadhani ukweli wa mama yule ulimshawishi kuliko tangazo lolote.

Kuchelewa kwa malipo kunajitokeza kwenye madaftari kwa namna nisiyoitarajia. Posho ikichelewa, saa za kazi ya afya hazipungui. Zinazopungua ni saa za kulala, kwa sababu kibarua cha kufua au kuuza kinaongezwa usiku na alfajiri ili mlo upatikane. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa kitaifa mwaka 2021 ulishaonyesha wanawake wa Kenya wakitumia muda wa takribani mara tano ya wanaume katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Juu ya mzigo huo ndipo mhamasishaji anapopachika kaya 100. Wachumi wanaposema mfumo wa afya ya jamii una gharama nafuu, ninachokiona mimi katika kurasa hizi ni kwamba gharama imehamishwa ikaingizwa kwenye usingizi wa mwanamke.

Kisa kingine lazima kiingie. Mhamasishaji mmoja aliumwa na mbwa kwenye ua wa kaya aliyokwenda kufuatilia chanjo. Alijua la kufanya: akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaenda hospitali. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya dozi kadhaa, na hakuna dozi inayoweza kurukwa. Alizilipia kwa mkopo wa chama, mwanzo hadi mwisho. Angekuwa mwajiriwa, ajali ingeripotiwa kwa mkurugenzi wa usalama kazini ndani ya siku saba na gharama ingekuwa ya mwajiri. Nilimuuliza alimripotia nani. Aliandika kwenye kijitabu chake kwamba kaya hiyo ina mbwa, ili atakayekuja baada yake awe na tahadhari.

Julai

Kikao cha mrejesho. Walikuwepo wahamasishaji, wasimamizi wao na maafisa wa afya. Tulianza kwa kubandika ukutani siku moja ya mwanamke mmoja, nusu saa kwa nusu saa, bila jina, na kando yake rekodi ya simu ya siku hiyohiyo. Hatukueleza chochote kwa dakika kadhaa. Watu walisimama wakasoma.

Mjadala ulikuwa mkali na wa heshima. Afisa mmoja alisema jambo linalostahili kujibiwa: ukimlipa mhamasishaji mshahara, nafasi hiyo itakuwa ya siasa, watu watawekwa kwa undugu na ukabila, na kijiji kitapoteza haki ya kumchagua kinayemwamini. Hofu hiyo ina msingi. Mama wa Nyalenda alisimama. "Mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi analipwa, na bado kuna walimu wanaopenda watoto. Daktari analipwa. Mbona upendo unadaiwa kwetu peke yetu?" Hakuinua sauti. Afisa akakubali kwamba uchaguzi wa kijiji unaweza kulindwa kwa kanuni, na kwamba suala lililobaki ni bajeti.

Bajeti ni suala halali, na sitaki ripoti yetu iliruke. Ninachokataa ni kuitatua kwa kutopima. Kama fedha zinatosha saa kumi kwa wiki, basi wizara na kaunti ziombe kazi ya saa kumi, ziseme ni majukumu gani yaondolewe, na ziseme hadharani. Sasa hivi majukumu yanaongezwa na kila mradi unaokuja, na hakuna anayelazimika kuuliza yatafanywa saa ngapi. Ajali za kazini hazihitaji hata kungoja mjadala wa mishahara: bima ya majeraha kwa kundi zima inaweza kununuliwa kesho.

Jambo tulilokubaliana ni dogo na la vitendo. Vitengo vichache vitajaribu karatasi ya nyongeza kwenye kumbukumbu ya mwezi, yenye safu ya saa. Tulipendekeza visanduku vitatu kwa kila siku: kutembea, kuhudumia, kuandika. Wahamasishaji wakakataa vitatu. Wanataka cha nne, usiku, kwa ajili ya mlango unaogongwa saa nane na mjamzito aliyeanza uchungu, kwani hiyo haifanani na nyingine na hawataki ichanganywe. Msimamizi mmoja aliona itarefusha karatasi. Hoja yao ikapita.

Wameomba pia nakala za madaftari yao, zenye mhuri na tarehe. Mmoja alinieleza sababu bila kuzunguka: siku sheria ikibadilika, atahitaji kuonyesha alianza lini na alifanya nini. Tumeandikia kamati ya maadili tukiomba ruhusa, kwa sharti kwamba kila jina la mgonjwa litafunikwa kwanza. Msaidizi wangu ameshaanza kazi ya kufunika, ukurasa kwa ukurasa, na karatasi za visanduku vinne zinaenda kupigwa chapa Kondele Jumatatu.